Siku Bibi Mkubwa Alipotuambia Alikotoka

Mwanangu, nakumbuka Jumapili moja ambayo hata leo naona aibu kuisimulia. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Tulikaa Mafiga, hapa Morogoro, wakati Mafiga yenyewe ilikuwa mashamba ya mihogo na nyumba chache za udongo. Mkubwa wa nyumba yetu alikuwa mama mzazi wa bibi yangu. Bibi yangu alikwisha fariki, lakini mama yake alikuwa bado mzima, na sote tulimwita Bibi Mkubwa.

Nikueleze kidogo habari zake, maana hukumkuta. Alikuwa mfupi, mwembamba, na miguu yake ilikuwa migumu kwa kupanda na kushuka Uluguru. Alilima mboga kwenye mashamba ya ukoo huko juu, akaziteremsha sokoni kwa kikapu mgongoni mpaka alipofikia uzee ambao wenzake walikuwa wamekwisha kaa barazani. Alizalisha wanawake wa mtaa mzima, Wakristo na Waislamu. Tena alikuwa na tabia moja iliyotuchosha. Akipita mtu njiani anakohoa, au mtoto anayechechemea, Bibi Mkubwa lazima amwite aingie anywe uji. Sisi tulidhani ni uzee tu.

Kaka yangu Anselmi alikuwa fundi seremala. Alipokwenda Ngerengere kutengeneza milango ya nyumba za wafanyakazi wa reli, alimpenda msichana wa huko, jina lake Tekla, binti wa mtu aliyefanya kazi kwenye genge la reli. Jumapili hiyo ninayokwambia, Tekla aliletwa kwetu na shangazi yake ili atuone nasi tumwone. Kutoka milimani alikuja Babu Kolumba, mkuu wa ukoo wetu, aliyemwita Bibi Mkubwa mama kwa heshima ya ukoo, kwa sababu bila neno lake hakuna ndoa ambayo ingefungwa.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Sisi Waluguru, ingawa nyinyi wa leo mnaanza kusahau, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Jina la ukoo analipata kwa mama, shamba analipata kwa mama. Kwa hiyo watoto wa kaka yangu wasingekuwa wa ukoo wetu, wangekuwa wa ukoo wa Tekla. Nami nilikuwa nimenong'onezwa na rafiki yangu kwamba mama wa mama yake Tekla alikombolewa utumwani akiwa mtoto, akalelewa misheni. Hakuna aliyejua kwao ni wapi. Maana yake, kwa upande wa mama, Tekla hakuwa na ukoo.

Mimi nilikuwa msichana wa majivuno, sitakuficha. Nilijua kusoma na kuandika, nilijua ukoo wetu una mashamba mazuri kuliko mengi mlimani, nikajiona mtu wa asili kubwa. Tekla alikuwa ameketi na mama yangu uani wanamenya magimbi. Alikuwa mpole, anajibu akiulizwa, na kila mtu alionyesha kumpenda. Hilo nalo likanichoma.

Nikamwuliza mbele ya watu, "Tekla, kwa upande wa mama, ukoo wenu ni upi?"

Akasema taratibu, "Sisi tunatumia jina la upande wa baba, wifi."

"Sikukuuliza baba. Nimekuuliza mama."

Akaendelea kumenya gimbi lake. Ningeweza kuishia hapo, mwanangu. Mama alinikazia macho niishie hapo. Mimi nikaendelea: "Kama bibi yako alinunuliwa kama mbuzi, basi watoto wa kaka yangu watazikwa kwenye ardhi ya nani?"

Anselmi alisimama, akabaki amesimama vivyo hivyo, mdomo wazi. Tekla aliweka kisu chini, akafuta mikono yake kwa khanga, akamwendea Bibi Mkubwa aliyekuwa kwenye mkeka anapukuchua maharage. Akapiga goti akasema, "Bibi, tunaomba ruhusa twende. Tusije tukachelewa treni." Bibi Mkubwa alifungua kinywa lakini hakutoa neno. Tekla na shangazi yake wakaondoka, kaka yangu akawafuata.

Babu Kolumba ndiye aliyetangulia kuongea. Alisema, "Mtoto amekosa adabu, lakini alichouliza ndicho ambacho ningeuliza mimi. Ndoa hiyo haiwezekani." Nami, Mungu anisamehe, nikafurahi moyoni.

Hapo Bibi Mkubwa akasukuma ungo wa maharage pembeni. Aliniita kwa jina, "Agata, njoo ukae hapa karibu." Nikajua nitachapwa. Nikakaa. Hakunigusa. Alimtazama Babu Kolumba, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza habari za mvua:

"Kolumba, mimi sikuzaliwa na Nyange."

Nyange ndiye aliyekuwa mama yake. Ndivyo tulivyofundishwa sote. Kaburi lake liko mlimani, na mashamba tuliyolima yalikuwa yametoka kwake kuja kwa Bibi Mkubwa, kisha kwa bibi yangu, kisha kwa mama. Babu Kolumba alicheka kidogo, akidhani uzee umemchanganya. "Mama, unasema nini?"

"Nasema sikuzaliwa naye. Aliniokota."

Akatueleza. Alikuwa mdogo, pengine miaka sita, hakumbuki vizuri. Walichukuliwa yeye na dada yake mkubwa kutoka nchi ambayo hajui jina lake. Walitembea siku nyingi na watu waliofungwa, wakielekea pwani. Yeye akashikwa na kikohozi, miguu ikavimba, akashindwa kutembea. Dada yake alimbeba siku mbili. Siku ya tatu, huku chini tambarare, msimamizi wa msafara akamwondoa mgongoni mwa dada yake, akamweka kando ya njia kama mzigo ulioharibika. Wengine wakaendelea.

"Dada yangu hakugeuka kunitazama," alisema. "Nadhani alikatazwa. Nilichoona ni nyayo zake tu. Alikuwa amezifunga majani ya mgomba. Jina lake nimelisahau. Jina langu mwenyewe la zamani nimelisahau."

Nyange alikuwa akirudi kwao milimani baada ya kufiwa na mume tambarare alikoolewa. Hakuwa na mtoto. Akamkuta yule msichana pale njiani anakohoa, akampa uji kwenye kibuyu chake, akambeba. Alipofika kwao, ndugu zake walikuwa hawajamwona kwa miaka mingi. Aliwaambia maneno matatu tu: "Huyu ni mwanangu." Hakuna aliyeuliza zaidi.

"Yeye mwenyewe alinikumbusha nilipovunja ungo," Bibi Mkubwa akasema. "Akaniambia, usimwambie mtu, watakunyang'anya shamba. Nikanyamaza mpaka nimekuwa na vitukuu. Na leo nimemwacha yule binti aondoke nami nimekaa. Wewe Agata umekosa kwa kusema. Mimi nimekosa kwa kunyamaza, na ni mimi mkubwa."

Mwanangu, sijui nikuelezeje hali niliyokuwa nayo. Nilitazama mikono yangu kama si yangu. Maana nilifanya hesabu palepale: Bibi Mkubwa alimzaa bibi, bibi akamzaa mama, mama akanizaa mimi. Kwa upande wa mama, ule niliokuwa nikijivunia, mimi nilikuwa sawasawa na Tekla. Mama yangu alikaa chini kwenye maganda ya magimbi, hakujali nguo zake. Aliuliza mara moja tu, "Mama yangu alijua?" Bibi Mkubwa akatikisa kichwa kukataa. Mama akajifunika uso kwa khanga.

Babu Kolumba alisimama. "Mama, unajua ulichokisema? Unajua yale mashamba ni ya nani sasa?"

"Najua. Ndiyo maana nilikaa kimya miaka yote."

Babu Kolumba alichukua fimbo yake akaondoka bila kula, akapanda mlima jua likiwa bado kali.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kama yenye msiba. Anselmi alirudi, akaelezwa, akakaa siku mbili hasemi na mimi. Siku ya tatu Bibi Mkubwa akasema anakwenda Ngerengere, na mimi niende naye. Hakuwahi kupanda treni maishani mwake. Alipoisikia ikipiga honi pale stesheni alinishika mkono kwa nguvu, nikahisi kucha zake, lakini alipanda. Njia nzima hakutazama nje. Nilimwuliza kama anaumwa. Akajibu, "Njia hii ndiyo tuliyokuwa tunapita."

Nyumbani kwa akina Tekla walitupokea kwa adabu, baridi kidogo, kama ilivyostahili. Baba yake alituwekea viti. Bibi Mkubwa hakukaa kitini. Aliniambia nimshike mkono, nikadhani anataka kuegemea. Kumbe alikuwa anapiga magoti. Bibi wa umri ule, aliyepigiwa magoti na mji mzima, alipiga magoti sakafuni mbele ya msichana wa miaka kumi na minane. Baba yake Tekla alipiga hatua mbili kuja kumwinua, Bibi Mkubwa akamkatalia. Mimi nilianguka chini kando yake bila kuambiwa, nikalia mpaka nikashindwa kusema yale niliyojiandaa kuyasema.

Bibi Mkubwa alimweleza Tekla habari zake zote, tangu msafara mpaka Nyange. Kisha akamwambia, "Mama mkubwa wa ukoo wangu ni mimi. Nilianza mwenyewe, pale kando ya njia. Bibi yako naye alianza wa kwenu. Usikubali mtu akuulize tena kama ulivyoulizwa."

Tekla alimwinua. Alilia pia. Lakini alipoinua uso alisema, "Bibi, nimesamehe. Na Agata nimemsamehe. Ila kwenu kuja kuolewa, sitakuja."

Nilikuwa nimeamini kwamba tukishaomba msamaha mambo yatarudi kama zamani. Hayakurudi. Anselmi alifungasha misumeno na randa zake, akahamia Ngerengere. Walioana huko baada ya mwaka, na mimi nilisikia habari za harusi kwa mtu aliyetoka huko. Kwa maisha yake yote Tekla aliniita wifi, alinisalimu vizuri, alinitumia samli na viazi. Lakini hakuwahi kulala nyumbani kwangu hata siku moja. Sikumlaumu.

Huku mlimani nako wazee walikaa vikao. Wengine walitaka tunyang'anywe kila kitu. Shamba la bondeni, lile la karibu na kijito, lilichukuliwa, nasi hatukugomba. Tulikuwa tunangoja waje kuchukua na la juu. Asubuhi moja Babu Kolumba akashuka, amekonda, amebeba mkungu wa ndizi. Hakukaa. Aliuweka mkungu miguuni pa Bibi Mkubwa akasema, "Nimefikiri sana. Nyange alisema wewe ni mwanaye. Kama Nyange alisema hivyo, mimi ni nani nimbishie naye yuko kaburini? La juu ni lako na la watoto wako." Kisha akasema, "Shikamoo, Mama." Bibi Mkubwa akajibu, "Marahaba, mwanangu," akauvuta mkungu karibu naye.

Alifariki miaka michache baadaye. Tulimzika mlimani kando ya Nyange, na Babu Kolumba mwenyewe ndiye aliyeshika jembe la kwanza. Leo watoto wa watoto wake wamejaa hapa Morogoro, wako Dumila, wako mpaka Dar es Salaam. Wengine ni walimu, wengine ni mafundi, wengine wanauza mboga kama yeye. Nawe ni mmoja wao.

Ndiyo maana nimekuita. Nimesikia unamkataa mchumba wa mdogo wako kwa sababu eti kwao hakujulikani. Sitakugombeza, maana mimi nilifanya vibaya zaidi. Nakuomba tu. Kabla hujamwuliza mtu asili yake mbele za watu, jiulize wewe yako unaijua kwa kiasi gani. Neno likishamwumiza mtu hadharani, hata akikusamehe, kuna mlango atakaoufunga, na hana kosa kuufunga. Ukimwona mtu anadhalilishwa, sema palepale, usingoje aondoke. Na watoto wako waambie walikotoka ungali hai, hata kama habari yenyewe inakutia aibu, wasije wakaisikia siku wanayojivuna.

Nenda ukaongee na mdogo wako leo. Mungu akutangulie, akulinde ulimi wako, akupe nyumba ambayo mgeni akiingia anatamani kukaa. Akujalie uzee wenye amani kuliko wangu, na watoto wako wakutaje kwa wema utakapokuwa hupo. Amina, mwanangu.