Mama Yangu wa Nyali

Leo darasani tumefundishwa kusema kwa Kiingereza mambo ambayo yangetokea lakini hayakutokea. Nikakumbuka alasiri moja nikiwa mdogo, mtaani kwetu Bofu, mafuta yakilia karaini, ukwaju ukinukia, mama akikaanga viazi karai.

"Shoga, wewe ungekuwa nesi," jirani yetu Bi Saumu alimwambia.

"Ningekuwa. Ila siku ya usaili niliona haya, sikwenda."

Mimi nikaamini yuko mama yangu mwingine, nesi, anayeishi Nyali kwenye majumba makubwa. Kila nesi aliyepita nilimkazia macho, huenda akanitambua.

Sasa najua hayupo. Kesho wanachaguliwa wasemaji wa mdahalo, na haya za mama ninazo mimi. Lakini wallahi nitainua mkono. Sitaki mwanangu aje kunitafuta Nyali.