Maua ya Mama Mdogo Skola

Mnivumilie kwanza kwa mwandiko huu. Shule niliishia darasa la saba, na mkono wangu huandika kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Mahali nilipokosea herufi, someni nilichotaka kusema. Kuongea mbele za watu siwezi, ndiyo maana naandika.

Juzi nilikuwa nafua sweta la mdogo wangu. Nilipogeuza mfuko zikamwagika mbegu, ukubwa wa ulezi lakini nyeusi kama masizi, pamoja na jani moja lililokunjamana. Nikalisugua lile jani kwa kidole. Harufu yake chungu ikanipanda puani, na papo hapo nikawa tena mtoto wa darasa la tatu, nimesimama mbele ya nyumba yetu hapa Kasense na kopo la maji mkononi.

Mjini Sumbawanga, kwenye vitalu vya miche, maua haya wanayaita vinka. Sisi nyumbani tuliyaita maua ya mama mdogo, kwa sababu yalikuja naye.

Mama mdogo Skola aliolewa na baba mdogo wangu akitokea Kirando, kule ziwani kwenye joto. Alifika kwetu wakati wa baridi, mavuno yakiwa yamekwisha. Asubuhi ya kwanza, alipoona pumzi yake inatoka kama moshi, aliziba mdomo kwa kiganja. Alivaa masweta mawili na soksi za mumewe, na bado alishinda jikoni kama paka. Kitandani alikuwa na mto wake aliokuja nao, ameushona maua ya uzi mwekundu. Hakuna mwingine aliyeulalia. Mimi nilimpenda tangu siku ile alipokaa karibu nami bila kuniuliza kwa nini sisemi.

Mbegu alikuwa amezifunga kwenye pindo la kanga. Akazipanda ndani ya kopo la rangi, akalifunika kwa kibao na kuliweka karibu na mafiga, akisema hizi hupenda kuzaliwa gizani. Bibi alikuwa akimtazama huku anapepeta maharage.

"Hayo yanaliwa?"

"Hayaliwi, mama."

"Majani yake ni mboga?"

"Hapana, machungu. Hata mbuzi hayataki."

"Sasa ni ya nini?"

"Ya kutazama tu, mama."

"Haya. Tutashiba macho," Bibi akasema, akaendelea kupepeta.

Miche ilipotoka, mama mdogo alifurahi sana. Baridi ilipopungua akaihamishia nje, chini ya dirisha. Akanawa mikono, akamwambia Bibi kwa kucheka, "Mama, haya yakishika hapa, na mimi nimeshika."

Yeye alicheka, lakini mimi sikucheka. Mtoto anayenyamaza husikia maneno yote, na lile niliondoka nalo kama kaa la moto. Kwa hiyo maua yakifa, mama mdogo anarudi ziwani. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda shule, niliyapitia kwa kopo langu la maji. Sikumwambia mtu.

Siku za mwanzo yalisimama vizuri, hata moja likachanua, la rangi ya waridi, petali tano na kijicho katikati. Kisha majani yakaanza kuwa ya njano. Yakalegea. Mimi nikaongeza maji. Yakazidi kulegea, nami nikazidi kumwaga.

Mama mdogo alikuwa akichutama pale na kuchokonoa udongo kwa kijiti. "Kwetu yanaota kwenye mchanga, hakuna anayeyamwagilia," alisema. "Huu udongo wenu unatoa wapi maji wakati wa kiangazi?" Jirani yetu Mama Deo, akipita na jembe begani, akamtania, "Bibi harusi, huku tunalima mahindi na ulezi. Maua yapeleke kanisani." Wote wakacheka, na mama mdogo alicheka kidogo kuliko wengine. Jioni nilimsikia akiongea na mama yake kwenye simu. "Hata ardhi ya huku hainitaki," alisema. Kisha akatangaza kwamba Jumamosi atashuka Kirando kusalimia.

Ijumaa alfajiri nilitoka na kopo langu. Nilipopita dirishani kwake niliona begi limejaa mpaka zipu imekataa, na kona ya mto wenye uzi mwekundu imechungulia nje. Sikuufikiria. Nilikuwa na haraka ya maua.

Chini ya dirisha nilimkuta Bibi. Ameinama, ameshika sufuria, anamwaga maji taratibu kwenye kila shina kama anayemnywesha mgonjwa. Aliponiona alisimama. Kabla hatujasema kitu, baba mdogo akatokea pembeni mwa nyumba na kidumu, ananyata, viatu mkononi. Tukabaki tunatazamana watu watatu, na maji yanatiririka miguuni kwetu.

"Mimi nilikuwa namwaga maji ya kunawa tu," Bibi akasema.

"Kila siku, mama?" baba mdogo akauliza.

"Na wewe na hicho kidumu, umekuja kuosha pikipiki kwenye maua?"

Dirisha likafunguka. Mama mdogo alitutazama mmoja mmoja, sufuria, kopo, kidumu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea fremu, akajifuta machozi kwa kanga, akacheka tena. "Kumbe ni nyinyi," alisema. "Mnayazamisha. Mimi nikadhani ni udongo."

Bibi akaweka sufuria chini. Alikwenda kuchukua jembe. Akakata nyasi, akazilaza kwa mduara, akazifukia kwa udongo mpaka likatokea ntumba, lile tuta la mviringo ambalo Wafipa tunapandia maharage. Nyasi zikioza ndani huleta joto, na maji hayatuami juu yake. Miche mitatu iliyobaki na uhai ikapandishwa pale. "Sasa mtu yeyote asiyaguse," Bibi akasema, akinitazama mimi kana kwamba yeye hakuwepo.

Jumamosi mama mdogo alisafiri. Nililia nyuma ya choo, nikiamini tumechelewa. Lakini baada ya muda alirudi na dagaa wakavu na mbegu nyingine kwenye pindo la kanga, akakuta ntumba imechanua. Mama Deo mwenyewe alikuja kuomba mche.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba maua ndiyo yaliyomrudisha. Mwaka huu, nilipokuwa nafunga begi kwenda kumsalimia shangazi kule Kate, nilichukua mto wangu, kisha nikacheka peke yangu na kuurudisha kitandani. Anayekwenda kusalimia habebi mto. Nikakumbuka jioni ya ile Ijumaa, nilipopita tena dirishani. Begi lilikuwa jembamba, zipu imefungwa vizuri, na ule mto wenye uzi mwekundu ulikuwa umelala kitandani mahali pake. Maua wakati huo yalikuwa bado yamelegea, hakuna aliyejua kama yatapona.

Ntumba ipo mpaka leo, tunaisuka upya kila mwaka. Kama na kwenu maua haya yapo, niandikieni mnayaitaje, na nani aliyaleta. Nasoma polepole, lakini nitasoma yote.