Kurasa za Kirumi

Mvua ya Tukuyu haina adabu. Inanyesha asubuhi unapotoka, inanyesha mchana unapokula, na ukidhani imechoka ndiyo kwanza inaanza. Nimefanya kazi kwenye maktaba ya chuo kikuu chetu kidogo hapa mjini kwa muda mrefu, kiasi kwamba nanusa unyevu wa kitabu kabla sijakifungua. Kwa hiyo tulipoambiwa umekuja mradi wa kuingiza maktaba nzima kwenye kompyuta, nilifurahi kuliko wenzangu wote. Nilijua karatasi zetu zinaoza. Nikasema afadhali, sasa kuna kitu kitapona.

Mradi ulikuja na kompyuta zilizokwishatumika kwa watu, na seva iliyowekwa kwenye chumba tulichokuwa tunaweka mafagio. Ulikuja pia na mtaalamu kutoka Dar ambaye alivaa koti siku ya kwanza na hakulivua mpaka anaondoka. Alikuwa mtu mwema. Alitufundisha kutafuta kitabu, kukiazimisha, kukirudisha. Tulipomuuliza umeme ukikatika tufanye nini, alisema tusubiri urudi. Tukacheka, naye akacheka. Baadaye kusubiri ndiko kulikokuwa kazi yetu. Radi ilipiga, kifaa cha intaneti kikaungua. Vibandiko tulivyobandika kwenye vitabu ili mashine ivisome vilivimba kwa unyevu, ukiingia asubuhi unavikuta sakafuni. Mwanafunzi akija tunamwambia mfumo unasumbua. Tulisema hivyo mpaka ikawa kama salamu.

Hayo yanaudhi, lakini yanapita. Ninalolibeba mpaka leo ni lile la tasnifu.

Kila anayesoma shahada ya uzamili kwetu, akimaliza, huacha maktaba nakala ya tasnifu yake yenye jalada gumu na herufi za dhahabu. Tulikuwa na rafu nzima ukutani, na ukungu ulikuwa umeanza kuzila kutoka chini. Ikaamuliwa ziskaniwe. Skana yenyewe ilikuwa ya kuvuta karatasi moja moja, haikuweza kitabu kilichoshonwa, kwa hiyo kila tasnifu ilibidi kwanza ikatwe mgongo. Kulikuwa na mashine ya kukatia karatasi yenye kisu kirefu. Sauti yake niliichukia. Ningeweza kuwa mwisho wa ukumbi, lakini kisu kikishuka nilikisikia.

Kazi ilipofika katikati, mtaalamu akapiga simu kutoka Dar kwamba kwa mwendo ule diski ya seva itajaa kabla tasnifu hazijaisha. Kamati ya mradi ikakaa. Nadhani ilikaa vizuri, maana chai ilipelekwa mara mbili. Uamuzi ukatufikia kwa waraka: tuskani kuanzia Sura ya Kwanza. Zile kurasa za mwanzo kabisa, zenye namba za Kirumi, tuziache. Kwa asiyejua, humo ndimo mwandishi anapotamka kwamba kazi ni yake mwenyewe, anapoitabaruku kwa anaowapenda, anaposhukuru, na ndimo yanapokaa yaliyomo. Waraka ulisema kurasa hizo hazina thamani ya kitaaluma. Jina la mwandishi na mada tayari vilikuwa kwenye mfumo.

Nililalamika. Nilikwenda mpaka ofisini kulalamika, lakini nililalamikia yaliyomo. Nikajibiwa kwamba kompyuta inatafuta neno lolote unalotaka, yaliyomo ni mambo ya zamani. Kuhusu shukrani hakuna aliyefungua mdomo, na mimi nikiwemo.

Karatasi zilizokwisha kuskaniwa zilirundikwa kwenye korido. Paa likavuja juu yake, zikaanza kunuka uvundo, na uongozi ukataka ziondolewe mara moja. Wapishi wa kantini walichukua za kuwashia moto. Akina mama wa Msasani, mtaa wa hapahapa Tukuyu, walichukua za kufungia maandazi. Kurasa za Kirumi ndizo zilizotangulia, kwa kuwa zilikuwa zimetengwa kwenye viroba vyake, tayari kubebwa.

Mzee alikuja msimu wa baridi, siku ya ukungu ambao unaingia mpaka ndani ukifungua mlango. Alikuwa amevaa mabuti yenye udongo mweusi wa mashamba ya Isongole, kofia ameishika mkononi. Alinisalimu kwa Kinyakyusa. Mimi si mzaliwa wa hapa, ajira ndiyo iliyonileta, lakini salamu na lugha ya sokoni ninaziweza. Nikaitikia, akatabasamu kidogo, kisha akahamia Kiswahili ili nisipate tabu.

“Mwanangu, binti yetu alisoma hapa,” alisema. “Yule mwalimu aliyefariki mwaka jana.”

Nilimkumbuka palepale. Alikuwa mwalimu wa sekondari aliyeomba ruhusa kazini akaja kujiendeleza. Alipenda kukaa karibu na dirisha, na niligombana naye kila wiki kwa kuingia na mwavuli unaochuruzika. Alikabidhi tasnifu yake, na kabla ya mahafali, pikipiki aliyopanda kwenda kwao ikagongana na lori la viazi kwenye ukungu. Kiti chake kwetu kilikaa wazi siku chache, kisha akakikalia mwingine.

Nilimpa mzee pole. Akaipokea kwa kichwa, akaendelea.

“Aliandika kitabu, kimebaki kwenu hapa. Jumamosi tunaweka msalaba kaburini. Mchungaji amesema vizuri tusome na maneno yake mwenyewe. Mwanzoni mle alitushukuru, mimi na mama yake. Alikuja nacho nyumbani kabla hajakileta huku, akatusomea jikoni, anasoma Kizungu halafu anatugeuzia. Mimi mengine yamenitoka. Mama yake anasema hajasahau hata neno, ila anataka yasomwe, watu wasikie.” Akaigeuza kofia mkononi. “Hakuolewa, hakuacha mtoto. Watu wanasema shule ilimla bure. Kilichobaki chake ni hicho.”

Nikaandika jina la binti kwenye kompyuta. Siku zote mfumo unajikokota, lakini siku hiyo ulikimbia kama uliokuwa unatusubiri. Jina likatokea, mwaka, mada kuhusu mnyauko wa viazi kwenye nyanda za juu za Rungwe, na idadi ya kurasa. Nilimsomea mzee jina, naye akaisogelea meza akaegemea kwa mikono miwili kuangalia. Nikafungua faili. Ikatokea Sura ya Kwanza. Nikapandisha juu, haikupanda. Hapakuwa na juu.

“Ni hapo?” aliuliza mzee, kidole chake kikikaribia kioo.

“Baba, nitaileta mwenyewe Jumamosi,” nilisema. Sikuwa nikidanganya. Niliamini kwamba tasnifu ina nakala zaidi ya moja duniani, na kwamba nikizunguka nitapata mahali.

Nilianza na idara yake. Wakaniambia nakala yao waliileta kwetu, ikakatwa pamoja na zingine, ili chumba chao kipate nafasi. Nilimpigia aliyemsimamia utafiti, ambaye sasa anafundisha chuo kingine mbali. Kompyuta yake ya wakati ule iliibwa. Alisema anaikumbuka, ilikuwa kazi nzuri sana, na akarudia kusema nzuri sana mpaka nikatamani kumkatia simu. Nilimpigia mzee kumwuliza kompyuta ya binti iko wapi. Ilikuwa mgongoni mwake siku ya ajali. Na nakala yake yeye? Binti aliwaambia angeichapisha baadaye, akipata nafasi.

Nikaenda Msasani. Nilizunguka kwa wauza maandazi wote ninaowajua, nanunua, nafungua, nasoma karatasi. Nilisoma majedwali ya mtu yaliyolowa mafuta. Nilisoma nusu ya Sura ya Nne ya mwanafunzi niliyemkumbuka kwa kelele zake. Mama mmoja aliyekuwa akinitazama tangu nilipofika akaangua kicheko.

“Dada, unakula au unasoma?”

Nikamweleza. Kicheko kikamwisha. Aliinama chini ya meza akatoa kifurushi chote cha karatasi kilichobaki, akafuta mikono kwenye khanga, tukaanza kufunua pamoja, wateja wakisubiri. Hapakuwa na ukurasa hata mmoja wa Kirumi.

“Zile tulizochukua mwanzo zilikwisha siku nyingi,” alisema. “Wewe tafuta tu kwingine, lakini mimi sidhani.”

Nilirudi ofisini nimelowa na hasira zimenipanda. Mkuu wangu, ambaye si mtu mbaya ila hapendi jambo likae mezani kwake, alinisikiliza akiwa anaandika. Akasema, “Si uandike tu mwenyewe? Shukrani zote zinafanana.”

Damu ilinichemka kwa sababu alikuwa anasema kweli. Zinafanana. Nimezisoma nyingi kuliko mtu yeyote pale chuoni: wanaanza na Mungu, msimamizi anafuata, kisha wazazi waliojinyima, kisha marafiki ambao hawawezi kutajwa wote. Ningekaa nusu saa ningeandika moja ya kuliza msiba mzima. Nilimwambia siwezi kwenda kusimama kwenye kaburi la mtu nimtie maneno mdomoni. Akasema basi, akaendelea kuandika.

Ijumaa nilimpigia mzee nikamweleza yote, diski, waraka, viroba. Sijui alielewa nini katika hayo.

“Njoo nacho hivyohivyo,” alisema. “Mama yake nitamwambia mimi.”

Nikachapisha tasnifu nzima, kuanzia Sura ya Kwanza mpaka marejeo, nikaifunga kwa nailoni mbili mvua isiipate. Jumamosi asubuhi nikapanda bodaboda kwenda Isongole. Baridi ya kule inauma masikio. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, ukingoni mwa shamba la viazi, saruji mpya bado nyeusi kwa maji. Watu walikuwa wengi. Wamama walikaa kwenye mikeka na mifuko ya salfeti, na mama wa marehemu alikaa mbele yao, miguu ameinyoosha, amejifunga kitenge kifuani na sweta la kiume juu yake. Nilipiga magoti nikamsalimu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia haraka. Nikajua hajaambiwa.

Nilimtafuta mzee kwa macho. Alikuwa anaangalia mabuti yake.

Ibada ilikwenda, nyimbo zikaimbwa, msalaba ukasimamishwa. Kisha mchungaji akasema kwamba mama wa maktaba amekuja kutoka chuoni na atatusomea maneno ambayo marehemu aliwaandikia wazazi wake. Watu wakasogea. Wanaume waliokuwa wamesimama pembeni wakazima simu.

Nilisimama, nikafungua zile nailoni. Niliwaambia ukweli, kwamba yale maneno ya mwanzo hayapo, na kwamba iliyobaki ni kazi yenyewe aliyoifanya. Nikasoma sentensi ya kwanza ya Sura ya Kwanza nikiigeuza Kiswahili: viazi ni zao kuu la chakula na biashara kwa wakulima wa nyanda za juu. Nikasoma ya pili. Mtu mmoja nyuma akasema amina, kwa adabu. Wengine walitazamana. Nilisikia mwanamke akimwuliza jirani yake kwa Kinyakyusa, na jirani akimjibu kwa kifupi, na nilielewa kiasi cha kutosha.

Mama wa marehemu akaninyooshea mkono. Nikamwendea nikampa furushi lote. Aliliweka mapajani, akafunua karatasi moja moja, bila haraka, akilowesha kidole. Kizungu hajui, lakini jina lake analijua likiandikwa. Alifika mbali, akakutana na michoro na majedwali, akarudi tena mwanzo. Mchungaji alifunga Biblia akasubiri.

“Si lilikuwa hapa mbele jina langu?” aliniuliza. “Alinionyesha.”

“Lilikuwepo, mama.”

“Mkalitoa.”

Nilipiga magoti mbele yake.

“Alikosea kuniandika? Hairuhusiwi?”

“Hapana, mama. Hakukosea kitu. Aliandika vizuri.”

“Sasa kwa nini?”

Watu wote walikuwa wananisikiliza.

“Nafasi haikutosha, mama.”

Aliyanyanyua yale makaratasi kwa mikono miwili, akayapima uzito, akanitazama.

“Ukurasa mmoja?” aliniuliza.