Mrukaji wa Kwenye Simu

Nichekeni tu, nimeshazoea. Kikundi chetu cha densi ya Kimaasai hapa Kitengela kilinipa chaneli yake ya video niiboreshe, maana watazamaji walikuwa jamaa zetu tu. Nikachimba shimo, nikatega simu humo inirekodi kutoka chini, nikaruka. Kwenye video kichwa changu kilipita mawingu! Familia moja ya Loitokitok ikatualika harusini, mradi yule mrukaji asikose.

Nilienda na kitambi changu na shuka mpya. Nikaingia katikati ya duara, nikaruka mpaka nikahema kama punda wa kubeba maji. Nilipomaliza, nikasimama nikingoja vigelegele. Kisha nyanyake bwana harusi akamwita mwenyekiti wetu: "Sasa huyu ataanza kuruka saa ngapi?"