Usiku Nilipoiunguza Mbegu ya Mama Jelagat

Nakumbuka usiku mmoja, mwanangu, niliolala masaa mawili na nusu tu kazini, na mpaka leo nikiusimulia nashusha sauti. Juzi umeniambia kwamba shifti yako ya usiku haina kazi, eti ni kukilinda kiti kisitoroke. Nilicheka kwa sababu nami nilisema hivyohivyo nikiwa na umri wako, na mdomo kama wako. Basi kaa hapo, chai bado ni moto.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilipanga chumba kimoja mtaa wa Huruma, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwa tajiri mmoja aliyekausha mahindi ya kusagwa unga. Pale hapakuwa na mambo mengi. Moto uwe mwingi, mahindi yakauke upesi, lori lipakiwe liende. Nilijifunza kulisha tanuru kwa magunzi, yale yanayobaki hindi likishapukuchuliwa, na baada ya msimu mmoja nikajiona fundi. Tajiri alipofunga biashara, nikasikia kwamba kampuni moja ya mbegu upande wa Soy inatafuta mtu wa usiku anayejua tanuru. Nilikwenda nikaandikwa siku hiyohiyo. Usinisifu, hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo.

Kulikuwa na vyumba sita vya matofali, kila kimoja na tanuru lake dogo kwa nyuma. Sakafu yake ilikuwa wavu wa chuma, na juu yake walimwaga mahindi ya mbegu, mabichi, bado yako kwenye magunzi, mpaka yakamfika mtu kifuani. Chini ya wavu feni ilisukuma hewa moto, nayo ikapanda polepole katikati ya mahindi ikiyakausha. Kazi yangu ilikuwa kulisha moto, kusoma kipimajoto kila saa, na kuandika kwenye kitabu. Basi.

Msimamizi wetu, Mzee Kirwa, alikuwa mwembamba, wa maneno machache, na alilala kwenye nyumba ndogo karibu na geti. Alinionyesha kazi mara moja.

"Wambui, hii si mahindi ya unga. Hii ni mpaka arobaini. Isipite."

Nikaitikia, "Ndiyo, Mzee," na moyoni nikasema mahindi ni mahindi.

Wewe unajua kulala mchana kulivyo. Huruma ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ukuta wa pili kutoka kwangu palikuwa na mafundi wa jua kali waliogonga mabati kutwa nzima kutengeneza masanduku ya shule. Jumatatu hiyo sikufumba jicho. Nikafua, nikazunguka sokoni, nikapanda gari la kazini jioni macho yakiwaka. Mvua ilinyesha, na baridi ya huku kwetu unaijua. Kufika saa sita na nusu usiku nilikuwa nimechoka kabisa kuamka kila mara kutia magunzi. Nikawaza, kule kwa tajiri tulikuwa tunashindilia tanuru mara moja, tunalala, na asubuhi mahindi yamekauka vizuri kabisa. Vyumba vingine vilikuwa na moto mdogo wa kutulia. Cha nne ndicho kilichokuwa kimejazwa karibuni, ndicho kilichotaka kuangaliwa sana. Nikakishindilia tanuru lake mpaka mlango ukagoma kufunga, nikaufunga kwa teke, nikajilaza juu ya magunia.

Niliamshwa na jasho. Saa ilikuwa tisa. Kipimajoto cha chumba cha nne kilisoma sitini na mbili.

Nilikimbia, hilo ujue. Nilivuta makaa kwa koleo, nikafungua milango, nikaungua kidole hiki. Saa kumi na nusu joto lilikuwa limeshuka mpaka arobaini. Nikapanda ngazi nikamulika mahindi kwa tochi, na yalikuwa mazuri, meupe, yanang'aa. Hakuna lililokuwa na alama. Nikashuka nikafungua kitabu, na pale palipokuwa wazi nikaandika arobaini, arobaini, arobaini. Nilihakikisha hata mwandiko haufanani sana, ili ionekane niliandika kwa saa tofauti. Akili ninayo tangu zamani, sikuwa nikiitumia mahali pake tu.

Alfajiri Mzee Kirwa alikuja. Akaweka kiganja kwenye matofali ya tanuru la nne, akakiacha pale kwa muda. Akasoma kitabu. Akafungua kilango kilicho juu tu ya wavu, akatoa hindi moja la sakafuni kabisa, kisha akapanda akachukua moja la juu. Akapukuchua kidogo kwa kidole gumba, akapanga punje za kila hindi kwenye kitambaa chake chenye maji, akavikunja, akavifunga kwa uzi. Cha chini uzi mwekundu, cha juu uzi mweupe.

"Weka hapa kwa joto ya tanuru," akaniambia. "Usikaushe kitambaa. Kila usiku saa tisa fungua, halafu uniambie umeona nini."

Nikashukuru Mungu kwamba hakuuliza, nikaenda zangu kulala, na siku hiyo mafundi wa mabati hawakunisumbua hata kidogo.

Usiku uliofuata trela moja ilikuwa imefika jioni na mahindi mabichi, haikupakuliwa, ilikuwa imesimama uani kwenye baridi. Saa nane Mzee alikuja akiwa na koti lake refu, akaniita nje. Mvua ilikuwa imekatika, nyota zimejaa mpaka chini kwenye miti ya mipakani.

"Tia mkono ndani. Mpaka kwa kiwiko."

Nikatia. Juu mahindi yalikuwa baridi ya kuuma vidole. Lakini ndani, mwanangu, kulikuwa na joto. Joto lenyewe, kama ubavu wa ng'ombe ukimwegemea asubuhi. Hakukuwa na moto karibu, hakukuwa na feni, hakukuwa na jua tangu jana. Nikautoa mkono, nikautazama, nikaurudisha.

"Nani ameyapasha?" nikauliza.

"Hakuna. Inapumua," akasema Mzee. "Imekatwa shambani, imetupwa kwa trela, na bado inapumua. Ndiyo maana kunakuwa na mtu wa usiku hapa. Ingekuwa ni kitu imekufa, tungefunga geti tulale wote."

Akaenda zake. Mimi nilibaki pale mkono ukiwa ndani ya trela, na sijui nilisimama kwa muda gani. Niliogopa, lakini si uoga wa mwizi. Niliogopa kama unavyoogopa ukiingia gizani mahali ulipodhani ni patupu, kisha ukasikia mtu anavuta pumzi. Trela nzima ilikuwa hai. Vyumba vyote sita vilikuwa hai, nami nilikuwa nikipita katikati yao kila usiku nikipiga miayo. Ndipo nikakumbuka sitini na mbili.

Jumatano nikifika kazini nilimkuta mwanamke ukumbini akichungulia chumba cha nne, leso kiunoni, matope kwenye gambuti. Alikuwa Mama Jelagat, mjane kutoka upande wa ndani wa Soy. Kampuni ilikuwa imempa mbegu ya kuzalisha mwaka huo kwa mara ya kwanza, kumjaribu, kwenye ekari mbili. Zao lake lote lilikuwa ndani ya chumba kile. Likifaulu kipimo cha kuota, ataendelea. Likianguka, jina lake linafutwa, anarudi kupanda ya unga kama wengine.

"Ni wewe unakaa na mahindi yangu usiku?" akaniuliza.

"Ni mimi, Mama."

"Mungu akubariki, msichana wangu. Hata mimi nalala sasa."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikajifanya nina haraka ya magunzi.

Alhamisi saa tisa nilifungua kitambaa cha uzi mweupe. Nilikuwa nimekifungua Jumanne na Jumatano nikaona punje zimevimba tu. Safari hii kila punje ilikuwa imetoa mzizi. Mweupe, mwembamba, umejipinda kidogo, na kwenye mwanga wa tochi uliona vinyweleo vidogo vyenye maji. Nililelewa shambani, nimepanda mahindi tangu najua kutembea, na sikuwa nimewahi kukaa nikaangalia jambo hilo. Huwa tunafukia tunaondoka. Nilipiga magoti pale sakafuni nikasogeza tochi karibu. Kwamba kitu kikavu namna ile, kigumu kama jino, kilikuwa kimekaa kikingoja, na punje zote zikaamka pamoja usiku mmoja bila kuitwa na mtu. Machozi yalinitoka, sioni haya kukwambia.

Kisha nikafungua cha uzi mwekundu. Punje zilikuwa zimevimba, zimelainika, zina harufu ya uji uliolala. Hakuna mzizi hata mmoja. Nilizigeuza moja moja. Hakuna.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana sikusimulii ili nionekane mtakatifu. Nilichukua punje tano za kitambaa cheupe nikaziweka kwenye chekundu. Nilikuwa nimeshaushika uzi nifunge. Mashine ya kupukuchua ilikuwa inakuja chumba cha nne Jumamosi, na yakishapukuchuliwa ya chini na ya juu yanachanganyika, na hakuna mtu duniani atakayejua kilichotokea. Mkono ulikataa kukaza uzi. Ile mizizi mitano ilikuwa hai katikati ya maiti, nami nilikuwa naitumia kusema uongo. Nikazitoa nikazirudisha kwao.

Alfajiri nilimfuata Mzee Kirwa mlangoni kwake kabla hajavaa viatu. Nikamwambia yote, usingizi, teke, kitabu, hata zile punje tano.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Matofali haiwezi kudanganya kama kitabu. Ilikuwa bado moto asubuhi."

"Mbona hukuniuliza, Mzee?"

"Ningekuuliza, ungesema arobaini. Halafu ungebaki na hiyo arobaini maisha yako yote." Akafunga kamba za viatu taratibu. "Leo ningesimamisha mashine mwenyewe. Lakini mimi najua tu kulikuwa na moto. Wewe ndiye unajua ilifika ngapi, na kwa masaa mangapi. Sema."

Nikasema. Sitini na mbili, masaa mawili na nusu. Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliutaka mdomo wangu. Hewa moto huingia kutoka chini na kupoa inapopanda kwenye unyevu, kwa hiyo ya sakafuni yalikuwa yameungua na ya juu yamepona, na swali lilikuwa mpaka wake uko wapi. Kupukuchua kwa chumba cha nne kuliahirishwa. Tulichukua punje za kila kimo, goti, paja, kiuno, tukazilaza kwenye vitambaa. Chini ya goti hakukuota kitu. Kwenye paja ziliota nusu. Kuanzia kiunoni zote ziliota. Yote ya chini ya kiuno tukayaondoa kwa mikono, nayo yakaenda kusagwa unga.

Mzee alikuwa tayari kwenda kumwambia Mama Jelagat. Nilimwomba niende mimi. Nilimkuta anakama, na sikungoja akaribishe chai, nilisema nikiwa nimesimama. Nilitarajia matusi. Aliendelea kukamua mpaka akamaliza, akafunika maziwa, ndipo akaniangalia.

"Hiyo ya chini tulivuna na wasichana wangu kwa mvua," akasema. "Usifikiri haijaniuma."

"Najua, Mama."

"Hujui. Mimi nimeambiwa na watu hapa, hata na shemeji zangu, kwamba mwanamke peke yake hawezi mambo ya mbegu. Kama ungenyamaza na hiyo mahindi ianguke, ningekubaliana nao. Ningesema ni mimi. Ningesema ni shamba yangu. Ningekufa nikiamini hivyo."

Mwanangu, nilikuwa nimewaza kazi yangu, nimewaza mahindi, nimewaza hata Mungu. Hilo sikuwa nimeliwaza. Kumbe uongo wangu wa saa kumi na nusu ungekwenda mchana kweupe ukaingia ndani ya mwanamke ambaye hakuwepo, ukamfanya ajichukie bure.

Mbegu iliyobaki ilifaulu, na Mama Jelagat akapewa tena ekari zake mwaka uliofuata. Mimi nilishushwa nikachambua mahindi mchana kwa msimu mzima, na nilistahili. Msimu uliofuata niliomba usiku tena, nikafanya kazi ya usiku mpaka magoti yalipokataa ngazi.

Kwa hiyo usiniambie unalinda kiti. Popote pale mtu anapolipwa kukesha, wodini, kwenye mikate, getini, kuna kitu kinachopumua kinachomtegemea, hata kama hakisikiki. Jioni ukifika, kitafute kwanza ukijue. Ukizidiwa na usingizi, mwamshe mwenzako, hata akikutukana. Ukiona nambari, andika uliyoiona, na usipoiona acha pawe wazi, pawe na aibu yake. Ukikosea, sema kabla mashine haijaja, na useme kosa lilikuwa kubwa kiasi gani, kwa sababu kilichopona kinaweza kuokolewa na yule tu anayejua kilichoungua. Na umwambie mwenyewe mwenye hasara, kwa mdomo wako, asije akajilaumu.

Mungu aliyeamsha mizizi ile bila kuitwa na mtu akupe macho ya kukesha na mkono mwepesi kwa kila kilichowekwa chini yako. Watu wanaolala kwa sababu wewe unakesha walale vizuri. Na asubuhi ukirudi nyumbani, nawe upate usingizi usio na kitu cha kuficha.