Kijiti cha Juu ya Paa la Baba

Lile jumba sikulipenda tangu siku ya kwanza, na niseme mapema msije mkadhani hasira yangu ilianza baadaye. Lilijengwa Bungoma mjini liwe ukumbi wa wananchi. Lina nguzo nene za saruji ambazo hazibebi chochote, madirisha ya matao, vioo vya buluu kama vya benki na, juu kabisa, paa jekundu la mabati lililochongoka kama la nyumba ya msonge. Msanifu wake, mtu mpole aliyesomea mbali, aliniambia kila kipande kimetoka mahali fulani hapa kwetu. Alitaka picha za jumba na za kila alikokopa, zitundikwe mlangoni kabla ya ufunguzi.

Mimi nina studio Kitale. Picha za pasipoti na harusi zilikuwa zimenichosha, nikakubali upesi. Nguzo nilizifuata Endebess, kwenye nyumba kuukuu ya mlowezi ambamo siku hizi wanafuga ndama. Matao niliyapata katika kanisa la wamisheni. Msonge ulinipeleka nyumbani Kamukuywa kwa baba, maana kijijini alibaki yeye tu aliyekataa kubomoa wake. Alikuwa mgonjwa, amelala humo humo, na hakutaka kusikia habari ya kuhamishwa.

Kwetu, katikati ya paa la msonge huchomoza kijiti. Mwenye nyumba akifa, watu wa ukoo hukitoa, na mpita njia akitazama anajua. Tunaenda kanisani kila Jumapili, lakini sijaona mchungaji aliyethubutu kukisema kijiti. Cha baba kilikuwa kimeinama kidogo, nami nilikipiga picha kwa makusudi. Nilitaka watu waone kwamba mwenye nyumba yupo. Kusema kweli, ni hilo tu lililonifanya niijali kazi ile.

Siku ya ufunguzi sikwenda. Nilikuwa namnywesha baba uji niliposikia kilio kikija kutoka barabarani. Alikuwa shangazi yangu, dada yake baba anayeishi Ndalu, pamoja na wanawake wa kanisa lake, leso viunoni, wakiomboleza.

Baba alinishika mkono. "Nani amekufa, mama?" Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Nilitoka nikamzuia shangazi mlangoni.

"Si tumeona picha huko Bungoma," alisema akihema. "Nyumba ya ndugu yangu iko kwa ukuta, kubwa hivi, na kijiti imetolewa. Wewe ulikuwa unatuficha nini?"

Nilimpigia msanifu simu nikiwa hapo hapo uani.

"Ah, kale kajiti? Nilikafuta tu na kompyuta," alisema. "Kalikuwa kamepinda. Paa ikiwa safi inafanana na yetu kabisa."

Ni kweli, paa lao halina kijiti. Nililipiga picha kila upande na sikuliona hilo. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, naye akaahidi kurekebisha.

Baba aliomba tumtoe nje. Tulimbeba na kiti chake, shangazi upande huu, mimi upande ule. Alitazama juu, kwenye kijiti.

"Bado iko," alisema. Kisha akamgeukia dada yake. "Sasa mmeshalia. Siku yenyewe mtalia na nini?"

Shangazi alicheka huku akijifuta machozi. Mimi niliogopa. Mtu ameshaliliwa akiwa hai, nami ndiye niliyepeleka picha.

Baba alituacha kabla mahindi hayajakauka shambani. Baba mdogo alipanda juu ya paa akakitoa kijiti, nami nilisimama chini bila kamera.

Wiki hiyo hiyo msanifu alinitumia ujumbe na picha ya ukuta wao wa mlangoni. Wametundika upya. Kijiti kipo, kimeinama vilevile. "Pole kwa kuchelewa, dada. Sasa iko sawa," aliandika. Nilikaa uani na simu mkononi, mbele ya paa lisilo na kitu.

Shangazi anasema si vizuri, niwaambie wa ukumbini wakitoe kijiti pichani. Kila tukikutana ananikumbusha. Mimi namwitikia tu, na mpaka leo sijawaambia.