Bwana Maswali Baadaye

Mkuza mitaala huyu hutafuna kifuniko cha kalamu nyekundu kama muwa. Kila akutanapo na neno "ajue" katika malengo ya somo hulikata, akaandika "abaini", kisha huegemea kiti kama mtu aliyemaliza kujenga daraja. Kikaoni ukinyoosha mkono atakubembeleza, "Maswali baadaye, ndugu yangu," na hiyo baadaye ikifika, inakuja chai. Umahiri wa kwanza aliowaandikia watoto wa nchi nzima ni fikra tunduizi, yaani kuhoji kila unachoambiwa. Jana bintiye alimkariria ufafanuzi wake wote bila kumeza mate. Baba akacheka mpaka jino la mwisho.

"Lakini baba, maana yake nini?"

"Wewe nawe kwa maswali! Kariri hivyo hivyo, ndivyo tunavyosahihisha."